Kisutu ya bi harusi, kofia ya babu na mlango wa Mbezi: maswali yenu ya wiki hii

Haya wapendwa wasomaji, kama mnavyojua kila wiki nakusanya vitu vizuri nilivyokutana navyo, nguo, fanicha, picha, chochote kilichotoka mikononi mwa watu, ila wiki hii mmenikusanyia nyinyi wenyewe maana meseji zimemiminika na karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti, yaani nitajuaje kama hiki ndicho chenyewe? Nimechagua saba. Na kuna neno moja nitalirudia mpaka mlizoee: geuza. Kabla hujatoa hela geuza kitu uone upande wa pili, maana upande wa mbele kila muuzaji anaupamba.

Dada, shikamoo. Naolewa mwezi wa kumi, mama mkwe kasema kwenye vitu vyangu kisutu isikosekane. Nimeenda Kariakoo muuzaji kanitandikia kanga nyekundu kama kumi, zote anasema kisutu. Ipi ni ipi? Halafu natamani ukumbi nipambe kwa kanga lakini naogopa isije ikaonekana tumekosa bajeti. (Bi harusi mtarajiwa, Temeke)

Marahaba mdogo wangu, na hongera sana. Mama mkwe wako ana haki, sikiliza vizuri.

Kisutu ni kanga ya rangi tatu tu: nyekundu, nyeusi na nyeupe. Ukiona imeingia njano au bluu hiyo ni kanga nyekundu nzuri tu lakini sio kisutu. Mji wake, yaani ile sehemu ya katikati, umejaa michoro midogo midogo iliyobanana kwa safu, haina ua moja kubwa limekaa peke yake kati, na ni katika dizaini kongwe kabisa za kanga, zile za kwanza zilikuwa zinapigwa chapa kwa vibao vya mbao vilivyochongwa kwa mkono. Ndiyo maana wazee wanaishikilia, hiyo kanga bibi wa bibi yako alivalishwa.

Sasa ukishika doti mkononi geuza. Kanga nzuri rangi imepenya mpaka nyuma, nyeusi ni nyeusi pande zote mbili, ya kulipua ukiigeuza unakuta nyuma kumepauka kama imeshafuliwa mwaka mzima. Angalia pia pindo zote nne, pindo ni ile fremu inayozunguka, pima kwa macho kama upana wake uko sawa kushoto na kulia, maana zikichapwa haraka mji unaponyoka unaegemea upande mmoja na ukijifunga utajiona umekaa kombo siku nzima. Kila kanga ina kama sentimeta 150 kwa 110 hivi, na doti ni mbili zimeungana, mkasi unapita katikati halafu fundi anakupindia. Na kwa sababu nyekundu ya kisutu huwa inachuja, iloweke kwanza kwenye maji ya chumvi peke yake, usije ukaichanganya na shuka zako mpya nyeupe ukanilaumu mimi.

Kuhusu kuonekana umekosa bajeti, hapo mdogo wangu naomba tuzungumze kidogo maana nimelisikia hili mara nyingi na huwa linaniuma. Kanga haikuanza kama nguo ya kupikia. Karne ya 19 wanawake wa pwani, Unguja na Mombasa, walikuwa wananunua leso za kuchapwa zilizokuja na mabaharia, zile za kushika mkononi, neno lenyewe leso tumelitoa kwa Wareno, wakawa wananunua kipande kizima kabla hakijakatwa, wanakigawa na kukiunga, leso sita zinakuwa nguo moja ya kujitanda. Hakuna aliyewafundisha. Waliona kitu dukani wakasema hiki kinaweza kuwa kingine, wenye maduka ndio wakawafuata nyuma kuagiza nguo nzima yenye pindo na mji. Zile za mwanzo zenye madoadoa meupe watu wakazifananisha na ndege kanga, jina likabaki, na Mombasa mpaka leo wanasema leso. Pale Mtaa wa Biashara kuna duka la Kaderdina Hajee Essak lililoanza 1887, ukikuta kwenye kanga yako ya zamani pameandikwa "Mali ya Abdulla" basi imetoka kwao. Hata jina, yaani yale maandishi, mwanzoni yalikuwa ya herufi za Kiarabu. Kwa hiyo ukumbi wako ukipambwa kanga umepambwa kwa kitu ambacho wanawake wa hapa walikibuni wenyewe, hilo sio la kuonea haya.

Ila lifanye kwa akili. Usichanganye kanga ishirini tofauti, chagua moja, kwa mfano hiyo hiyo kisutu, itandike kwenye meza ya maharusi na nyuma yao, viti acha vyeupe, rangi tatu zinatosha kabisa. Doti usizikate kwa ajili ya mapambo, zitundike nzima pindo ionekane, baada ya harusi ugawie mawifi na mashangazi kila mmoja doti yake wakatumie. Na kama utatumia kanga yenye jina tafadhali soma. Mwaka juzi nilihudhuria harusi moja, wapambaji walikuja na kanga nzuri ajabu, zambarau na dhahabu, wakazitundika nyuma ya kiti cha bi harusi, ukumbi mzima tukakaa masaa matatu tunatazamana na maneno ya kumsimanga mke mwenza, mama yake yule binti alikuwa anainamisha uso kila kamera ikipita. Mpambaji aliangalia rangi, hakusoma. Wewe soma, halafu mpe bibi yako naye asome maana kuna majina sisi tunayaona ya kawaida wenzetu wanajua lilitungwa kwa ugomvi gani. "Nani kama mama" haina lawama. "Sisi sote abiria dereva ni Mungu" nayo hakuna atakayenuna.

Kaka wa Kitanzania niko Muscat mwaka wa nne. Huku jamaa wote wanavaa kofia kama aliyokuwa anavaa babu yangu Unguja, nyeupe ya matundu. Wao wanaiita kumma. Tumebishana kazini nani kamuiga nani. Pia nataka kumnunulia baba moja, ya mkono sio ya mashine, nitaijuaje?

Kaka, wasalimie wote huko. Ubishi wenu ni mzuri lakini ni wa nyumba moja. Sayyid Said, mtawala wa Omani, alihamishia makao yake Unguja kwenye miaka ya 1830 kuelekea 1840, tangu hapo watu, vyakula, maneno na nguo vimekuwa vikienda na kurudi baharini, halafu baada ya Mapinduzi ya 1964, na zaidi baada ya Sultan Qaboos kushika nchi 1970, familia nyingi zilizokuwa Zanzibar zikahamia Omani na kofia zao, na mikono yao inayojua kushona. Waulize hao wenzako kazini bibi zao walizaliwa wapi, utashangaa wangapi watakujibu kwa Kiswahili.

Sasa ya baba. Kofia ya vito ni vitambaa viwili vyeupe vimewekwa juu ya kimoja, mchoro unachorwa kwa penseli, halafu kila tundu linatobolewa na kushonewa ukingoni kwa uzi pande zote mpaka lisifumuke, moja moja, kwenye kofia nzima. Mjomba wangu alikuwa anashona moja kwa wiki kadhaa tena anashona jioni tu, anaiweka gotini, sindano nyembamba, akifika mahali pagumu anaacha kuongea na sisi watoto tulikuwa tunajua hapo usimuulize kitu. Akimaliza anaifua, anaipiga wanga, anaivisha kwenye bakuli la bati lililogeuzwa chini juu ikauke na umbo lake.

Kwa hiyo geuza kofia, tazama ndani. Ya mashine ndani ina nyuzi zinazoruka kutoka ua moja kwenda jingine na matundu yote yamelingana kama yamepigwa muhuri. Ya mkono ndani kunakaribia kuwa safi kama nje, na ukiangalia sana utaona tundu moja limekuwa dogo kidogo kuliko jirani yake. Ishike juu ya taa au dirishani, mwanga upite. Ukiona nyota zimejaa bila kitambaa kulegea hapo fundi amefanya kazi, na bei itakuwa kubwa, lipa tu kaka, gawanya hiyo bei kwa jioni alizokaa mtu na sindano uone kama kweli ni ghali.

Mwanangu, najenga Mbezi, namalizia. Nataka mlango wa mbele wa Kizanzibari wenye vile vifundo vya shaba. Fundi anasema vifundo viliwekwa kuzuia tembo. Mimi nilizaliwa Unguja sijawahi kusikia tembo. Na mbao gani? (Mama mstaafu)

Shikamoo mama. Hongera kwa nyumba, kujenga ukafika kumalizia sio jambo dogo.

Fundi hajakosea sana, amechanganya nchi tu. Miiba ya chuma kwenye milango ilitumika India ambako tembo wa vita walikuwepo kweli, wazo likavuka bahari na wafanyabiashara na mafundi wa kule, likafika Unguja likawa pambo na alama ya ukwasi. Ukipita Mji Mkongwe, ambao UNESCO iliuingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2000, utaona milango ya aina mbili kubwa, ile yenye kichwa kilichonyooka iliyofuata mtindo wa Kiarabu, na ile yenye kichwa cha upinde iliyokuja na ladha ya Kihindi. Mwambie fundi wako unataka ipi kabla hajanunua mbao maana baadaye hawezi kukunja.

Mbao za zamani zilikuwa msaji, mvule na mfenesi. Msaji bei yake inatisha siku hizi, mfenesi uliokauka vizuri unachongeka na unadumu, ila ukauke mama, huo ndio ugomvi mkubwa, mbao mbichi ikichongwa leo mwakani maua yamepasuka katikati. Pesa yako ya nakshi ipeleke kwenye miimo, kichwa cha juu na mfaa, ule mti wa kati unaofunika mahali mbao mbili zinapokutana. Kwenye milango mingi ya zamani mbao zenyewe ziko wazi tu, zina vifundo, nakshi imezunguka. Mafundi wengi sasa wanachonga kila inchi mpaka jicho halina pa kupumzika. Mnyororo uliochongwa pembeni, mawimbi au samaki chini, ua juu, basi. Na siku ukienda kukagua zunguka nyuma ya mlango, huko nyuma utaona unene wa mbao na kama ameunga vipande vidogo vidogo kwa gundi akavificha kwa vanishi.

Nasoma sanaa Bagamoyo. Mwalimu wetu mmoja anasema Tingatinga ni picha za watalii, sio sanaa. Mimi zinanivutia lakini sijui nijibu nini.

Mjibu kwa heshima, mwalimu ni mwalimu, lakini usikubali haraka.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa 1932 kusini huko Tunduru, akaja Dar kutafuta maisha kama wengine wote, akafanya vibarua, akawa mhudumu hospitali ya Muhimbili. Mwaka 1968 hivi akaanza kuchora. Hakuwa na turubai wala rangi za mafuta za kwenye tyubu, alichukua mbao laini za kupigia dari, akazikata mraba kama sentimeta 60 kwa 60, akatumia rangi ya baiskeli. Hebu fikiria hilo. Rangi ya baiskeli inang'aa, haichanganyiki kirahisi, ukiweka juu ya nyingine bila kusubiri inaharibika, kwa hiyo ule mtindo wa rangi kali zilizoachana na mistari safi umetokana na kopo lenyewe pia. Mke wake alikuwa anauza picha pale Morogoro Stores, Oysterbay. Wazungu walinunua, ndiyo, kwani kuna ubaya gani mtu kununua? 1972 polisi walimpiga risasi Dar es Salaam wakimdhania ni mtu mwingine, akafa. Miaka minne tu ya kuchora! Vijana aliokuwa anawafundisha, wengi ndugu zake, kina Linda, Mpata, Tedo, Ajaba, Adeusi, wakaendelea, na mwaka 1990 wachoraji wakaunda chama chao cha ushirika, bado wako Oysterbay.

Mwalimu wako anachokiona ni zile picha zilizorudiwa mara elfu, twiga watatu na machweo, hapo ana hoja, nyingi zimechoka kabisa. Lakini tafuta picha za Tingatinga mwenyewe uangalie. Mnyama mmoja tu kwenye mraba, hana mandhari nyuma zaidi ya rangi moja, madoa yamepangwa mwilini kwa utulivu na jicho moja linakutazama, chui wake hafanani na chui wa porini wala wa kwenye kitabu. Kachore nakala moja kwa mkono wako kwa rangi ile ile ya baiskeli, halafu umpelekee mwalimu mzungumze mkiwa nayo mezani.

Sebule ndogo, sina hela ya zulia. Mkeka wa plastiki au wa ukindu?

Ukindu. Plastiki utateleza nao na jua likiupiga unakatika katika.

Bibi yangu Tanga alikuwa anasuka, ngoja nikueleze ujue unanunua nini. Majani ya mkindu yanaanikwa mpaka yapauke, yanachanwa kwa ukucha wa kidole gumba kila jani lipate upana mmoja, ya rangi yanachemshwa kwenye sufuria la peke yake ambalo haliruhusiwi kupikia tena, halafu anakaa anasuka ukili, utepe mrefu mwembamba, anasuka akiongea, akipokea wageni, akisikiliza taarifa ya habari, ukili unakua tu unajikunja pembeni yake kama nyoka mpole. Mwisho ukili unazungushwa na kushonwa ukingo kwa ukingo unakuwa mkeka. Ukiugeuza utaona ile mishono, ivute kidogo kwa vidole viwili, ikiachia mwanga acha. Pemba wanasuka mizuri mno. Usiufue, fagia, pangusa kwa kitambaa chenye unyevu na uukunje kwa kuuviringisha, usiukunje kama shuka utavunjika.

Naandika kutoka Kigali. Nina kanga ya kisutu aliyonipa rafiki wa Mombasa na nina imigongo mbili ukutani, vitagombana?

Havigombani hata kidogo, vinafanana rangi! Kwa wasioijua imigongo ni sanaa ya mashariki mwa Rwanda, kule Kirehe, kinyesi cha ng'ombe kinachanganywa na majivu, kinapangwa kwa vidole juu ya ubao kuwa matuta ya pembe kali, kikikauka kinapakwa nyeusi, nyeupe na nyekundu. Hata neno sisi Waswahili tunalisikia bila mkalimani, ni migongo, matuta yamenyanyuka kama migongo. Tundika kisutu kwenye ukuta wa pembeni, sio ukuta mmoja na imigongo, maana imigongo inahitaji ukuta mtupu na mwanga wa upande ili vivuli vya yale matuta vionekane. Taa ya juu kabisa inavifuta. Jaribu jioni jua likiwa chini uone.

Dada mbona viatu huwa huvizungumzii? Mimi ni kata mbuga tu mwaka mzima. (Kijana, Arusha)

Na mimi nakuunga mkono. Tairi kuukuu la gari, wembe mkali, misumari mifupi, fundi anakukanyagisha juu ya kipande cha tairi anachora unyayo wako kwa chaki, nusu saa una kiatu, wenzetu Kenya wanaita akala. Angalia nyuma ya kisigino, kashata za tairi zikiwa bado zimesimama utatembea nacho miaka. Jumamosi nilikaa kwa fundi mmoja, nimeagiza vya mikanda miwili iliyopishana mbele, kaniambia tairi alilonalo limelika sana hataki kunipa hilo, nirudi Alhamisi kuna la lori linakuja.